Metroni Aliyetuambia Yote

Tulimwita Metroni. Jina lake tulilijua, lakini ndani ya ua wa hospitali hakuna aliyelitumia, hata daktari, ambaye kwa cheo alikuwa juu yake. Hospitali ile ilikuwa ndogo, nje kidogo ya mji wa Isiolo, upande wa kuelekea Burat. Leo haipo tena. Nilifika pale nikiwa muuguzi kijana mwanzoni mwa miaka ya sabini, na mtu wa kwanza kuniangalia kuanzia kichwa hadi miguu alikuwa yeye.

"Wewe umeolewa?" aliniuliza kabla hajaniuliza nilisomea wapi.

"Bado, Metroni."

"Basi utaolewa hapa hapa. Dereva yetu anatafuta."

Nilidhani ni mzaha. Kabla ya mwaka kwisha nilikuwa nimeolewa na dereva wa gari la wagonjwa, Mborana mwenzangu aliyeitwa Jillo, na Metroni alikuja harusini na birika la chai aliyoipika mwenyewe.

Chai yake ilikuwa mbaya sana. Aliijaza sukari mpaka ikawa nzito kama dawa ya kikohozi, kisha akasimama mbele yako mpaka umalize. Jillo peke yake ndiye aliyethubutu kumwambia ukweli. "Metroni, hii chai ukimpa ngamia, hatakunywa maji mpaka mwaka ujao." Metroni alicheka kwa sauti kubwa, akamwongezea kikombe kingine.

Alikuwa mwanamke mrefu, mwembamba, mwenye hatua ndefu. Chini ya kofia ya unesi alifunga kitambaa cheupe kilichofunika nywele zote. Viatu vyake vyeusi alivipiga rangi mwenyewe kila asubuhi, na vumbi letu, ambalo huingia hata katika sanduku lililofungwa, halikuonekana juu yake. Kiswahili chake kilikuwa cha Isiolo, kile kisichojali ngeli. Kiborana alikisema vizuri kuliko baadhi yetu tuliozaliwa nacho, na Kisomali alikiweka kwa ajili ya watu aliowapenda. Mimi alianza kuniita *abayo*, dada, baada ya muda mrefu, na siku ile nilirudi nyumbani nikiwa nimefurahi kana kwamba nimepandishwa cheo.

Alipenda mpira, jambo ambalo wageni hawakuliamini. Siku ya mechi redio yake ndogo iliwekwa dirishani mwa ofisi, na wagonjwa wa wodi ya wanaume walijua matokeo kwa kusikia alivyokuwa akimtukana kipa. Kisha sala ikifika alizima redio, akatandika mkeka, akaswali taratibu kabisa, na akimaliza aliiwasha tena na kuendelea na matusi palepale alipoachia.

Asichoweza kukivumilia ni uongo, hata mdogo. Wakati mmoja karani wa mapokezi alimwambia mama mmoja kutoka Kipsing kwamba mtoto wake anaendelea vizuri, kwa kuwa aliogopa kilio chake, na kumbe mtoto alikuwa amekufa asubuhi. Metroni alimfuata karani hadi kwenye meza yake. "Ulimpa mama huyu saa moja ya furaha," alimwambia. "Sasa nenda mwenyewe ukachukue hiyo furaha mkononi mwake." Karani alikwenda. Metroni alisimama nyuma yake muda wote, na yule mama alipoanguka ni Metroni aliyemdaka.

Habari mbaya aliitoa akiwa wima. Alisema mtu anayeketi kabla ya kusema ameshasema, na anamtesa mwenzake kwa kumfanya asubiri. Nilimwona akifanya hivyo mara nyingi: mikono mbele, macho usoni mwa mtu, maneno machache, basi. Baada ya hapo ndipo aliketi, na hakuondoka haraka.

Kipindupindu kilipokuja kiliingia nchini kwanza, tukakisikia redioni kama jambo la watu wengine. Kisha kikafika kwetu. Walioletwa mwanzo walikuwa wachungaji waliokunywa maji ya bwawa lililokuwa likikauka. Waliletwa juu ya lori la mifugo, macho yamezama, ngozi ukiivuta hairudi mahali pake. Siku hiyo nilijifunza kwamba binadamu anaweza kuishiwa maji kama mtungi uliopasuka.

Asubuhi iliyofuata Metroni alituita nyuma ya chumba cha kufulia. Hakuita wauguzi peke yao. Aliita wapishi, wafagiaji, mlinzi wa geti, fundi wa bomba, dereva. Daktari naye alisimama pembeni akisikiliza kama sisi.

"Hii ugonjwa inaitwa kipindupindu," alisema. "Mtasikia watu wanaita kuhara, wanaita tumbo. Hapa tutaita jina lake. Inaua haraka. Lakini mtu akirudishiwa maji mapema, anapona, na anapona haraka vilevile. Hiyo ndiyo najua. Sasa ile sijui: sijui itaisha lini, na sijui kama dripu itatosha. Siku nitajua, mtajua siku hiyo hiyo. Mimi sitawaficha kitu. Na nyinyi msinifiche. Ukisikia tumbo, sema."

Mutuma, mpishi wetu, Mmeru mwenye mwili mkubwa na moyo mwepesi, aliinua mkono kama mwanafunzi. "Metroni, na sisi tutakufa?"

Watu waligeuka kumkodolea macho. Metroni alifikiri kidogo.

"Labda mmoja wetu," akasema. "Labda hakuna. Njoo nikuonyeshe kuosha mikono."

Hivyo ndivyo baraza lile lilivyoanza, na tangu hapo likawa kila asubuhi. Alianza na mabaya: nani amekufa, dawa gani imepungua, gari la kutoka Meru limekwama wapi. Alisema kwa Kiswahili, akarudia kwa Kiborana, na mfagiaji mmoja akawafasiria Waturkana. Halafu aliuliza, "Nani amesikia kitu mjini?" Mtu akisema amesikia kwamba wauguzi wanawadunga watu sindano za kuua ili vitanda vipatikane, hakumkaripia. Alimshika mkono akampeleka kwenye mahema tulimowalaza wagonjwa, akamwonyesha kila dripu na kila ndoo, kisha akamwambia, "Sasa rudi mjini uwaambie ile umeona."

Mahema yale tuliyaita karantini. Kwa watu wa Isiolo neno hilo ni la mifugo, ni mahali ng'ombe hufungiwa kabla ya kuuzwa, na wagonjwa walilichukia. Mzee mmoja alikataa kuingia. "Mimi si ng'ombe," alimwambia Metroni. Akamjibu, "Kweli wewe si ng'ombe, mzee. Ng'ombe angekuwa ameshakunywa maji." Yule mzee alicheka licha ya udhaifu wake, akaingia, akanywa.

Mtu akipona, Metroni hakumwacha aende kimyakimya. Alituita popote tulipokuwa, hata ukiwa na ndoo mkononi, tukasimama kando ya njia ya kwenda getini, na mgonjwa akapita katikati yetu kwa miguu yake. "Mtazameni huyu," alisema. "Huyu mlimbeba." Namkumbuka mchungaji wa Kipsing aliyepita namna hiyo, blanketi begani, fimbo mkononi. Alifika mbele ya mfagiaji aliyekuwa akimsafishia uchafu wake, akasimama, akatema mate kidogo viganjani na kumpaka kichwani. Ni baraka kwao. Yule mfagiaji, mwanamume mzima, alilia mpaka akaketi chini. Tulirudi kazini kama watu waliokula wakashiba.

Tulihitaji kushiba huko, maana mjini tulikuwa tumekataliwa. Duka moja lilikataa kuniuzia unga. Majirani walihamisha mitungi yao bombani walipomwona muuguzi anakuja. Nilipolieleza baraza, mchana wa siku hiyo Metroni alivaa sare yake safi, akaniambia nivae yangu, tukaenda pamoja hadi dukani kwa miguu, katikati ya barabara, tukisalimia kila mtu. "Salaam aleikum," alimwambia mwenye duka. "Mikono yetu inanuka klorini. Ni safi kuliko hiyo mizani yako. Mpimie mwanamke huyu unga." Nikapimiwa.

Hata hivyo baadhi yetu waliogopa, na hakuwalaumu. Asubuhi moja alisema mbele ya wote, "Anayetaka kwenda nyumbani aende sasa, mchana, kwa geti la mbele. Sitamuuliza kitu. Lakini aniage, ili nisimhesabu." Wawili walivua aproni. Mmoja wao alikuwa Mutuma. Tulimwangalia akitoka, mabega yamelegea, na baada ya adhuhuri tukamwona akirudi, macho mekundu. Metroni alimpa aproni nyingine, akamuuliza uji wa wagonjwa uko wapi. Jambo lile halikutajwa tena.

Nilianza kuugua mwenyewe siku moja baada ya chakula cha mchana. Nilisema, kama nilivyofundishwa. Walinilaza katika hema la wanawake, na sikumbuki mengi ila kiu, na maumivu ya misuli ya miguu yaliyonifanya nipige kelele. Jillo alikuja kusimama mlangoni mwa hema, kwani hakuruhusiwa kuingia.

"Wanakupikia chai ya Metroni?" aliuliza.

"Bado."

"Basi ukipona kipindupindu, hiyo ndiyo itakuua." Nilijaribu kucheka. Akaniambia anakwenda Kipsing kuchukua wagonjwa, mvua imenyesha huko, lakini atarudi kesho yake. Aliinua mkono, akaondoka.

Mengine niliambiwa na wenzangu baadaye. Gari lilinasa kwenye mchanga wa laga, mto mkavu ambao mvua ya juu ilikuwa imeulowesha. Alikuwa peke yake na wagonjwa nyuma, na maji masafi aliyobeba aliwapa wao. Yeye akanywa ya laga. Lori la mifugo liliwakuta wakati wagonjwa wake wana nafuu kuliko yeye. Lilipofika kwetu siku iliyofuata baada ya adhuhuri, mishipa yake ilikuwa imejificha, sindano haipati pa kuingia. Daktari alijaribu mikono, akajaribu miguu. Kabla ya alasiri Jillo alikuwa amekufa, katika hema la wanaume, na kati ya hema hilo na langu kulikuwa na kamba ya kuanikia shuka tu.

Nililisikia lori. Nilisikia hatua ndefu za Metroni zikipita mbio, na sikuwahi kumsikia akikimbia. Kisha, mchana ule, saa ambayo hatukuwa na baraza, nikasikia sauti yake nyuma ya chumba cha kufulia. Maneno sikuyapata. Nilisikia tu kwamba alisema kwa muda mfupi, na kwamba baada yake hakuna aliyesema.

Mutuma ndiye aliyenisimulia maneno yale. Metroni aliwaambia, "Dereva yetu amekufa. Nimeongea na imamu, watakaomwosha nitawavalisha glavu mimi mwenyewe, na atazikwa leo. Tangu siku ya kwanza niliwaambia sitaficha kitu, na sijaficha. Sasa naomba mnisaidie kuficha. Mke wake hajui. Mwili wake hauna nguvu ya kubeba hii. Mpaka nitakaposema mimi, Jillo yuko Kipsing."

Hakuna aliyepinga. Watu ambao alikuwa amewafundisha kusema kila kitu walinyamaza wote kwa siku zilizofuata, wapishi, wafagiaji, hata mlinzi wa geti. Nilimuuliza muuguzi aliyenibadilishia dripu, "Jillo amerudi?" Akasema, "Bado," akajifanya anatafuta kitu sakafuni. Nilimuuliza Metroni.

"Yuko Kipsing, abayo. Barabara imeharibika."

Alisema akiwa wima, mikono mbele, macho yake machoni mwangu. Kwa sababu alisema hivyo, nilimwamini. Nililala, nikanywa, nikapata nguvu. Nilianza kupanga nitampikia nini. Nilikuwa mjane tayari, siku za eda yangu zilikuwa zimeanza kwenda, na mimi nimelala pale nikiulizia kama kuna nyama mjini.

Siku niliyoweza kutembea mpaka mlangoni mwa hema na kurudi, Metroni alikuja bila kofia. Alivuta kiti, akaketi. Nilimtazama alivyoketi, nikajua.

"Lini?" nikamuuliza.

Akaniambia. Akaniambia yote, laga, lori, mishipa, kaburi liko wapi na nani aliswalisha. Nilimsikiliza mpaka mwisho, kisha nikamwambia aondoke. Hakuondoka. Nikamwambia tena kwa sauti ambayo wagonjwa wote waliisikia, "Uliniletea uji ukijua! Nilikuuliza ukiniangalia machoni!" Alikubali kwa kichwa. Aliketi pale mpaka mama yangu alipofika kunichukua, na nikampita kama mtu asiyekuwepo.

Nilikaa eda nyumbani kwa mama, Burat. Mara kwa mara lilifika birika la chai, limeletwa na mtu. Mama alikunywa. Mimi sikuonja.

Nilirudi kazini kwa kuwa sikujua kazi nyingine. Ugonjwa ulikuwa umepungua, lakini baraza la asubuhi lilikuwa limebaki, na nilisimama nyuma kabisa. Metroni aliniona. Akaacha habari za dawa katikati.

"Kuna mwenzenu hapa tulimficha kifo cha mume wake," alisema. "Yeye anawaangalia nyinyi na nyinyi mnaangalia chini. Inueni vichwa. Si nyinyi mlificha. Niliwaamrisha. Akitaka kukasirika, anajua mtu wa kukasirikia yuko wapi." Kisha akaendelea na habari za dawa.

Wenzangu waliinua vichwa kweli. Muuguzi yule aliyekuwa akitafuta vitu sakafuni alikuja akanishika mkono, na nikamwacha aushike. Kwa Metroni sikwenda. Nilifanya kazi chini yake miaka mingi baada ya hapo, nikimjibu "ndiyo Metroni" na "hapana Metroni". Hakuniomba msamaha hata mara moja, na hakunipendelea wala kunionea. Aliacha kuniita abayo. Nadhani aliona haki hiyo imempotea.

Alistaafu, hospitali ikafungwa, mimi nikahamishiwa zahanati ambako baadaye nilifanywa msimamizi. Nilirithi desturi yake bila kuitaka. Kila asubuhi niliwakusanya watu wangu na kuwaambia ninachojua na nisichokijua. Walionijia wapya walidhani nimeitunga mimi.

Mwishoni mwa miaka ya themanini Mutuma, ambaye alikuwa amefungua hoteli ndogo mjini, alinitumia ujumbe kwamba Metroni ana sukari, mguu mmoja umekatwa na macho yamekwisha, na kwamba ameniulizia. Nilikwenda mchana wa Ijumaa, baada ya watu kutoka msikitini. Nilimkuta ameketi kitandani kwenye chumba safi, kitambaa cheupe kichwani. Mpwa wake wa kike alinikaribisha, akatuacha.

"Salaam aleikum, Metroni."

"Waaleikum salaam." Aligeuza uso kutafuta sauti. "Ni wewe. Bado umenikasirikia?"

Niliona haya kumwambia, lakini kwa mtu yule haikufaa kusema lingine. "Ndiyo."

"Sawa. Wengine wote wakija hapa wananiambia nitapona." Akapapasa mpaka akapata ukingo wa kitanda. "Keti. Hujawahi kuniuliza alikufa namna gani. Nilikuambia mambo ya lori na mishipa. Hukuuliza yeye alisema nini."

Ni kweli. Miaka yote ile sikuwa nimeuliza, kwa kuwa nilidhani mtu katika hali ile hasemi.

"Alikuwa na akili zake mpaka karibu na mwisho," Metroni akasema. "Alijua uko upande ule mwingine wa shuka. Aliniomba nimpeleke. Akasema kama hawezi kuingia, nimlaze chini nje ya hema lako, akuone tu. Nilikataa."

Nikamuuliza kwa nini.

"Ungesimama. Ungeng'oa dripu na kusimama, nakujua. Na wewe siku hiyo ulikuwa unaenda, abayo. Daktari alikuwa ameshaniambia nijiandae kwa wawili. Nikachagua ule anaweza kubaki. Yeye akaniuliza, basi mke wangu yuko namna gani? Nikamwambia amepona, amekaa, anakunywa chai. Akasema alhamdulillahi. Akaniuliza tena ili asikie tena. Nikamwambia tena."

Machozi yalikuwa yakishuka kwenye yale macho yasiyoona, na hakuyafuta.

"Nyinyi wawili, kila mmoja nilimdanganya juu ya mwenzake," akasema. "Wewe ulibaki, kwa hiyo wewe peke yako ndiye unaweza kunikasirikia. Sikukuita unisamehe. Nilikuita kwa sababu nikifa hii inakufa na mimi, na si yangu. Ni yako."

Nje mtu alikuwa akifukuza mbuzi uani, na mpwa wake alikuwa akiosha vyombo. Nilitaka kuinuka niondoke, sikuinuka. Nilikuwa nimemzika Jillo bila kumwona, nikamlilia kwa maneno ya watu waliokuwa wakitazama chini, na hapa mbele yangu alikuwapo mtu mmoja aliyemsikia akiongea.

Nilisogea karibu naye kitandani.

"Nieleze tena," nikamwambia. "Anza lori lilipoingia getini. Taratibu."

Akanyoosha mgongo wake, akaanza kueleza. Nilimkatiza kila mara: alikuwa amevaa shati gani, je, alilalamika kiu, sauti yake ilikuwaje aliposema "mke wangu". Alijibu kila kitu alichokumbuka, na asichokikumbuka alisema hakumbuki. Alipomaliza nililia kwa sauti, na Metroni akanishika, akilia naye, mpaka mpwa wake akaja mlangoni kutuuliza ni nani aliyefariki.

"Mume wangu," nikamwambia.